Kabla ya sindano ya kwanza

Wifi yangu alinipigia simu juzi usiku, sauti ya chini kama mtu anayetoa siri. Mgongo unamsumbua tangu alipojifungua mtoto wa pili, na hatimaye amekubali kwenda kwa tabibu wa tiba ya Kichina, wa kuchoma sindano. "Wifi," akaniuliza, "zinauma?"

Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa mtoto alikuwa analia upande wake, lakini swali halikuniondoka. Kipandauso kimenilaza kwenye kile kitanda mara nyingi, na siku ya kwanza nilikuwa na hofu ileile. Leo naona wengi wetu tunaiweka hofu mahali pasipo pake. Tunaiogopa sindano, halafu tukikabidhiwa mfuko wa mizizi na majani tunachemsha na kunywa bila kuuliza hata jina, kwa kuwa ni miti tu, itadhuru nini? Ningekuwa na uwezo ningemgeuzia kila mgonjwa mpya hofu hiyo: sindano aiogope kidogo, mfuko auulize sana.

Nianze na sindano. Nilimwomba tabibu anishikishe moja kabla hajaanza. Ni kama uzi wa chuma. Nyingi zina unene wa milimita 0.2 hadi 0.3 hivi, na hazina tundu ndani kwa sababu haziingizi dawa wala hazitoi damu. Ile ya kutolea damu maabara hufika karibu milimita 0.8. Nilipoibonyeza kwa ncha ya kidole ilipinda. Inakuja ndani ya kijimrija cha plastiki. Mrija husimamishwa juu ya ngozi, tabibu anagonga kichwa cha sindano kwa kidole mara moja, na imeshaingia. Mimi nilihisi kama nimeguswa na ncha ya kalamu.

Kilichonishtua ni kilichofuata, maana sikuwa nimeambiwa. Aliisokota kidogo ile iliyokuwa kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mahali wanapopaita hegu, na mkono ukawa mzito kama umelaliwa. Uzito ule ukapanda taratibu hadi karibu na kiwiko. Wachina huuita deqi, yaani qi, ile nguvu ya uhai wanayosema inapita mwilini, imefika. Wengine husikia ganzi, wengine mvuto, wengine joto. Hiyo ni kawaida. Lakini maumivu makali ya kuchoma, au mpigo kama wa shoti ya umeme, usiyavumilie kwa adabu. Sema pale pale. Sindano husogezwa au kuchomolewa kwa sekunde moja, na tabibu mzuri hachukii.

Baada ya hapo unalala na sindano zako dakika 20 hadi 30. Mimi husinzia.

Nimeruka maswali, nayo ndiyo yaliyokula muda mwingi. Kikao changu cha kwanza kilikuwa na maswali ya dakika 45. Usingizi, choo, hedhi, kiu, jasho la usiku, kama napenda maji ya moto au ya baridi, kichwa kinaanzia upande gani na saa ngapi. Kisha akaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wa kulia, akanyamaza, akahamia wa kushoto. Kila kidole kina nafasi yake na jina lake, cun, guan na chi, na anasikiliza juujuu, halafu anabonyeza kwa ndani. Mwisho akataka ulimi. Asubuhi ile nilikuwa nimeusugua kwa mswaki mpaka ukawa mwekundu, nikidhani ni heshima. Akatikisa kichwa: "Dada, umefuta barua kabla sijaisoma." Rangi ya ulimi na utando wake ni sehemu ya uchunguzi wao, kwa hiyo siku hiyo usiusugue, na kahawa iache hadi utoke.

Sasa hapa pana jambo linalowatia watu wengi hofu bure. Aliniambia qi ya ini langu imekwama. Nilirudi nyumbani nikiwaza homa ya ini. Katika tiba hii, "ini" ni jina la kundi zima la kazi za mwili, pamoja na hasira, macho na mtiririko wa hedhi. Ukiambiwa figo yako ni dhaifu, usikimbilie kuandika wosia. Na kinyume chake ni kweli pia, tena ni muhimu zaidi: usidhani kwamba ini lako limeshapimwa. Hilo ni kazi ya maabara. Zile njia kuu 14 za qi na nukta 361 za kuchomea sindano zilizopangwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ni ramani ya kufanyia kazi. Daktari wa upasuaji hazikuti akifungua mwili.

Je, inasaidia? Kwa maumivu sugu, ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2018 watafiti walikusanya takwimu za wagonjwa 20,827 kutoka majaribio 39, wa maumivu ya mgongo, shingo, bega, goti na kichwa. Waliochomwa walipata nafuu kuliko wasiochomwa, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka. Lakini walipolinganishwa na watu waliochomwa sindano za kuigiza, tofauti ilipungua sana. Maana yake ni kwamba sehemu ya nafuu inatoka kwenye kulala kimya, kusikilizwa na kutarajia. Mimi hilo halinikwazi, ila napenda mtu alijue kabla hajaingia. Mwongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaruhusu hadi vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8 kwa kipandauso, pale dawa za kukizuia zisipofaa au ziliposhindwa. Ndipo nilipokuwa mimi, baada ya propranolol kunichosha mwili. Nilikuwa na daftari: siku tisa za maumivu mwezi kabla ya kuanza, nne mwezi wa tatu. Huenda mengine yangepungua yenyewe, vipandauso vina tabia hiyo. Lakini bila daftari nisingekuwa na la kusema kabisa, na ndiyo sababu namsihi wifi aandike kuanzia leo. Na wiki 8 zikipita bila mabadiliko, aache. Anayekwambia uongeze vikao 20 vingine kwa sababu mwili unajisafisha, mshukuru na uondoke. Na anayeahidi kutibu saratani au kisukari kwa sindano, huyo usimshukuru hata kidogo.

Kikao cha pili nilikwenda sijala, nikazirai. Kilichoniponza ni njaa, na tangu siku hiyo nakula kitu chepesi saa moja au mbili kabla. Kikao cha tano, mahali pengine nilipokwenda nilipokuwa safarini, nilifika chumbani usiku, nikapitisha mkono kichwani nikakuta sindano moja imesimama ndani ya nywele. Haikuniumiza. Lakini nilikaa kitandani nikitetemeka, nikiwaza kama ingekuwa ubavuni na nimeilalia. Tangu hapo nahesabu kwa sauti: kumi na moja zimeingia, kumi na moja zimetoka. Tabibu wangu sasa huhesabu pamoja nami. Angalia pia pakiti inafunguliwa mbele ya macho yako, mpya, ya kutumika mara moja, na zikitoka zinaingia kwenye kile kichombo kigumu cha taka kali. Tone la damu au alama nyeusi ndogo ni mambo ya kawaida. Kisicho cha kawaida ni kubanwa pumzi au kuchomwa kifuani baada ya kuchomwa sindano mabegani, kifuani au juu ya mgongo, hata kama ni saa kadhaa baadaye. Ni nadra sana, lakini pafu linaweza kutobolewa, na hapo unakwenda hospitali bila kumsubiri mtu.

Mwambie tabibu kama una mimba, kwa maana hegu na nukta nyingine kadhaa huepukwa. Mwambie kama una kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, asije akaunganisha sindano na umeme. Vikombe vya kuvuta ngozi sitavieleza sana. Aliyewahi kupigwa chuku anavijua. Mgongo unabaki na miviringo myekundu kwa siku kadhaa, mume asishtuke.

Haya, mfuko.

Sina chuki na mimea ya Kichina. Katika karne ya 4, tabibu wa Kichina Ge Hong aliandika kuhusu homa za vipindi: chukua konzi ya mmea wa qinghao, loweka katika maji, kamua, kunywa. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye mtafiti wa China, Tu Youyou, alisoma maelekezo hayo, akagundua kwamba hayataji kuchemsha, akahisi kuwa moto ndio uliokuwa unaharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye joto dogo, na mwaka 1972 kundi lake likapata artemisinini. Yeyote aliyemeza dawa mseto ya malaria amemeza matunda ya kazi hiyo, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Majani yana nguvu, nami nayaheshimu kwa sababu hiyo hiyo.

Na kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kuua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Ubelgiji, zaidi ya wanawake 100 waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza uzito waliharibikiwa figo. Mchanganyiko ulipaswa kuwa na mmea uitwao fangji. Uliotiwa ulikuwa guang fangji, jina linalokaribiana, mmea mwingine kabisa, wenye sumu iitwayo asidi ya aristoloki. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Silabi moja tu ya jina.

Kwa hiyo mfuko usio na majina siupokei. Niliwahi kupewa unga wa kahawia kwenye karatasi, nikauliza una nini, nikajibiwa "ni wa familia yetu, we kunywa". Niliuacha mezani. Tabibu wangu wa sasa ananiandikia kila mmea na gramu zake, na aliwahi kumkatalia mama yangu mkubwa kabisa: anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na mimea ya danshen na danggui inaweza kumfanya avuje damu. Gancao, mzizi mtamu unaotiwa katika michanganyiko mingi, ukizidi unapandisha presha na kushusha potasiamu. Na ukisikia magamba ya kakakuona au pembe ya kifaru, inuka. Pembe China yenyewe ilipiga marufuku kuiuza mwaka 1993, na wanyama hawa wamebaki wachache mno.

Wifi, kikao chako ni Jumanne. Kula kidogo. Ulimi usiusugue. Weka dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za presha ulizoniambia umeziacha, umpelekee azione. Mtoto niletee mimi.