Mawe yasiyo kwenye kalenda

Mgeni akishuka Mwanza, kwanza anauliza Jiwe la Bismarck liko wapi. Namwelekeza, anapiga picha, tumemaliza. Simlaumu. Jiwe liko pale karibu na kivuko cha Kamanga, na kila mwenye kalenda ameshalichapa. Lakini jiji hili lote limekaa juu ya mawe, na ninayoyapenda mimi hayajawahi kuwekwa kwenye kalenda.

Jumapili hii nimepanda Igogo, mtaa wa mlimani. Huko njia ni ya watu wanaorudi kwao: ngazi za saruji zinakatika ghafla, unajipenyeza kati ya ukuta wa nyumba na jabali, mara umetokea uani kwa mtu. Wengi hupita hapo kimya, simu juu, kana kwamba wako makumbusho. Nilimkuta mama mmoja akianika nguo juu ya jiwe, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Aliitika, akaangalia viatu vyangu, akacheka.

"Kulia kunateleza, mwanangu, pita kushoto. Na huko juu usisukume mawe, sisi tuko chini."

Juu kabisa nilikaa nikamtazama mjusi. Dume lake, kuanzia kichwa mpaka mabega ni jekundu, mwili uliobaki ni buluu iliyoiva, na akimwona mwenzake anainuka na kushuka kwa miguu ya mbele kama askari anayepewa adhabu. Jike ni la kahawia, akitulia juu ya jiwe humwoni. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae. Sisi tuliokulia hapa tulikuwa tunamlenga kwa manati. Pimbi nao wapo kwenye nyufa, ila hao huwa wamekuona kitambo kabla hujawaona.

Ukiwa pale juu, kisiwa cha Saanane unakiona vizuri. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Nenda, inafaa, ila kuna boti na kiingilio. Igogo kiingilio chake ni salamu. Na beba sweta: watu wa Dar wanashangaa baridi ya jioni, wakisahau kwamba uso wa ziwa lenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari.

Ukitaka mawe yanayoingia majini, nenda Luchelele, mbele ya Malimbe. Wanafunzi wa chuo huenda huko na madaftari, wachache wanayafungua. Kaa juu ya mwamba, kula dagaa wako, lakini usivue viatu ukaingia kwenye maji yaliyotulia penye majani. Konokono wa kichocho wanapenda hapohapo, na maji kuonekana masafi hakusaidii kitu.

Kageye, upande wa Ghuba ya Speke, ni safari nyingine kabisa. Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alipiga kambi hapo, akaondoka na mashua yake, Lady Alice, kulizunguka ziwa. Aliporudi alikuta kijana wake Mwingereza, Frederick Barker, ameshafariki. Ni ufuko mtulivu wa wavuvi, na mimi, ambaye historia ya wapelelezi hunichosha, hapo hukaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kinachonikera ni kokoto. Watu wanakoka moto juu ya jabali mpaka lipasuke, kisha nyundo inamalizia. Ni riziki, na nyumba ninayokaa imejengwa kwa kokoto hizohizo, kwa hiyo sina mdomo wa kumkemea mtu. Ila kuna jabali moja nililozoea kupumzikia, sasa ni rundo linalosubiri lori.

Mmeniomba niwachoree njia ya Igogo. Sitachora, maana inakatiza nyua za watu. Daladala za Nyegezi zinapita pale. Shuka, uliza, panda kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo jiwe linaunguza makalio.