Kitabu ya bapishi na nyama yenye ilikosa divai

Wiki tatu sikuandika kintu hapa, na si ati kazi ilikuwa mingi, hapana, nilikuwa nasoma tu. Tena kitabu moja, kadogo, kenye muntu wa mbio anaweza kumaliza siku moja, lakini mimi kamenikamata na bado hakajaniachilia.

Jina yake ni Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ile jina inadanganya bantu. Nilifungua nikifikiri nitakuta maneno imepangwa, sufuria ni hivi, kitanda ni vile, kumbe wapi, ni historia kabisa, inaanzia kule ku mufalme Leopold II wa Ubelgiji inashuka mupaka hapa petu. Na wenye kuitoa habakuwa baprofesere wala bapadri. Ni chama ya bale balikuwa baboyi na bapishi mu manyumba ya bazungu, André Yav njo aliipanga, mu 1965, mwaka moja mbele ya Elisabethville kuitwa Lubumbashi. Na iliandikwa mu Kiswahili yetu hii hii ya Katanga, kusini ya Congo, ile yenye bandugu ba Tanzania banatuchekaka juu yake! Kisha mu 1990 Johannes Fabian, muntu mwenye kuchunguza desturi za bantu, akaitoa na Kingereza pembeni, Kalundi Mango akamusaidia, na sasa maandishi iko ku intaneti bure, mimi niliisomea mu telefone, na kioo yenyewe imepasuka.

Siku ya kwanza nilishindwa, niseme kweli. Maneno ingine imeshikana, ingine imekatwa katikati, neno moja inaandikwa hivi hapa na chini kidogo inaandikwa ingine namna, nukta iko pahali hakuna muntu anapumuzika. Macho ilikuwa inauma. Nilikuwa karibu kuacha niende ku mipira.

Mangaribi ile kuran ya umeme ilikatika. Nkambo, mama wa muzazi wangu, alikuwa amekaa pembeni ya mbabula, anangojea makala ishike, akaniuliza, "Unasoma nini kimya kimya hivyo, ni barua ya deni?" Nikamwambia ni kitabu ya bale baboyi ba zamani. Akasema, "Basi soma tusikie, ama ni siri?" Nikaanza kusoma kwa sauti, na sijui nielezeje, ile kitabu ikafunguka. Maneno yenye ilikuwa imeshikana ikajiachanisha yenyewe. Nukta zenye zilikosekana, nkambo njo alikuwa anaziweka, kila pahali anasema "eeh" ilikuwa nukta. Nikaelewa ile kitabu haikuandikwa kwa macho, iliandikwa na bantu benye kuzoea kusema na bantu benye kuzoea kusikia, njo maana mimi na macho yangu ya kalasi nilikuwa nagonga ukuta.

Tangu siku ile tukawa tunasoma kila mangaribi, na nkambo hasikilizake kimya. "Rudia apo." "Ule anasema kweli." "Apana, apo ni bongo." Yeye alizaliwa 1941, siku yenyewe hakuna mwenye anaijua, ile yenye iko ku karte ni bamisionere balimupatia. Mwaka ile ile, mwezi wa kumi na mbili, njo basoda balipiga masasi bafanyakazi ba Union Minière, ile kampuni ya shaba, benye kugoma, kule ku stade, na baba yake alikuwa anahesabu miaka yake na ile: wakati ya masasi we ulikuwa natambaa. Mimi ile grève niliisomaka ku masomo mu mustari moja tu, tena kwa ekzame.

Kenye kalimugusa sana ni ile neno boyi, yenye mu Kingereza ni kijana mwanaume. Nilikuwa nasoma, akanisimamisha na mukono. "Nkambo yako mwanaume alikuwa na bibi, na batoto mbili, na ndevu. Boyi." Kisha akageuza makala, hakusema ingine tena mupaka tulienda kulala.

Sasa kati kati ya ile kusoma nikaangalia na filme, Soundtrack to a Coup d'Etat, ya ule Mubelgiji Johan Grimonprez, ilitoka 2024. Masaa mbili na nusu, jazz na Lumumba na ONU (Umoja wa Mataifa) na Khrushchev wa Urusi na kiatu yake, yote inapigwa pamoja sawa ngoma ya matanga. Ni filme ya nguvu, sikatale, ile pahali mwimbaji Abbey Lincoln na mupiga ngoma Max Roach banaingia na bantu bengine kupiga makelele ku Baraza ya Usalama mu 1961 juu Lumumba ameuawa, nilisimama mu nyumba peke yangu. Lakini mengi inasomwa kuliko kuangaliwa, maandishi inapita ku kioo na mpaka namba ya ukurasa, haujamaliza kusoma tayari trompeti imekupeleka pengine. Na kuko pahali anatia matangazo ya iPhone na motokari za Tesla katikati ya habari ya Katanga, pengine huko Ulaya bantu bananyamaza na kufikiri, mimi nilicheka, juu hata pale nilikuwa nasikia makamio ya madini ya zile telefone na motokari inashuka barabara ya Kasumbalesa.

Filme inakumbusha kama Louis Armstrong, ule Mumarekani wa jazz, alipigaka trompeti mu Congo 1960, na hapa Elisabethville alifika, mwezi wa kumi na moja, miezi mbili tu na Lumumba aletwe huku kufa upande wa Shilatembo. Nikauliza nkambo kama alimuona. "Nani?" Nikamuonyesha foto. Akaangalia sana. "Hapana. Ule mwaka hatukuwa tunatembeatembea." Kisha akauliza kintu yenye filme yote na mashule yake haikuuliza: "Alikula nini? Nani alimupikia?"

(Kisha ile trompeti yote masikio ilikuwa inalia, nikaenda kupumuzika ku gitari ya Jean-Bosco Mwenda, Masanga, ile yenye Hugh Tracey alirekodi 1952 kule Jadotville, Likasi ya sasa. Kidole kubwa na ya pili tu, na bado unaapa ni bantu tatu banapiga. Sina mengi ya kusema, isikilizeni usiku.)

Ni ile swali ya Armstrong njo ilifungua sufuria. Juu nkambo mwanaume alikuwa mupishi, si boyi wa kufagia, mupishi kamili, miaka mingi mu nyumba ya muzungu moja. Na ku nyumba yake hakupikaka hata yai. Anarudia usiku, anakula bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) yenye bibi amepika, analala. Nkambo anasema alikuwa na bwana mwenye alijua chakula yote ya Ulaya na yeye hajawahi kuonja hata moja. Mupaka mwezi wa saba 1960. Basoda balikuwa baliasi, bazungu bakakimbia na mamotokari kuelekea Rodezia, na muzungu wake aliondoka mangaribi na bibi na batoto na imbwa, chakula ingali ku moto. Nkambo mwanaume akazima moto. Akafunga nyumba. Akakuja ku siti, mutaa ya bantu beusi, kwa mguu, funguo mu mufuko, sufuria ku kichwa.

"Ilikuwa nyama ya ngombe," nkambo anasema, "nyeusi nyeusi, na karoti. Ilikuwa na kaukali. Nilifikiri imeharibika." Akamuuliza bwana yake, hii ukali ni ya nini, na yeye akamuelezea usiku muzima, divai inaingia saa gani, moto inapunguzwa saa gani. Usiku muzima! Bantu banakimbia mu barabara na bale bawili banaongea divai.

Ni bœuf bourguignon, nikamwambia. Akajaribu kusema ile jina, akaacha.

Basi siku ya posho (Jumamosi) iliyopita mudogo wangu alishuka toka Kolwezi na mushahara yake, tukasema tumupeleke nkambo mu resto, pale mu ville, sitataja, kwa sherehe ya ile siku ya bamisionere. Meza muzuri, maua ya plastiki. Menyu haiko, kuko kale kadirisha ka kupiga foto na telefone kisha menyu inatoka. Nkambo aliuliza kama na chakula itatoka mu telefone. Na bœuf bourguignon ilikuwa mu menyu, naapa, dola 25, nikaona ni Mungu.

Tulingojea saa moja na nusu. Sahani ikafika. Nkambo akafunga macho, akaomba, ni mumetodiste tangu utoto, akatia kijiko mu sosi tu, bila nyama, akaweka mu kinywa. Akakaa vile. Mudogo wangu tayari alikuwa anarekodi video. Nkambo akafungua macho akamuita ule kijana wa kutumika, na heshima yote, "Papa, divai iko wapi?"

Kijana akasema ndiyo mama, akaenda mbio, akarudi na liste ya bachupa.

Hatukucheka, tulijikaza. Mudogo wangu akasema leta chupa moja ya mwekundu, ikaletwa, nkambo akajaza gilasi akaimwanga yote mu sahani, akakoroga, akaonja. Meza ya jirani yote ilikuwa inatuangalia. "Mbichi," akasema. "Hii ni nyama ya tomati balimwangia maji ya kanisa ya bakatolike." Akaomba bamufungie abebe. Na ile chupa nayo tulibeba, juu tulilipa.

Njaa ilikuwa bado, tukasimama ku michopo pale Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, mbuzi, chumvi, pilipili, kitunguu kibichi ku karatasi, hapo nkambo alikula sana na menyo zake chache na hakuna mwenye aliuliza divai.

Jumapili kisha ibada nikasikia harufu. Alikuwa ametoa ile nyama mu plastiki, akaosha tomati yote, akatia vitunguu na karoti na divai mu sufuria, moto kidogo sana ku mbabula, masaa mbili na zaidi. Nikamuuliza kama basi mumetodiste ataeleza nini ku pasteri, akasema yenye kupikwa haiko pombe tena, bwana yake alimuelezea. Akaonja. Akaongeza chumvi. Akaonja tena. "Karibu," akasema, "karibu yake."

Akanipatia sahani. Ilikuwa nyeusi nyeusi, na kaukali, na niseme wazi hapa juu yeye hasomake telefone, haikunipendeza sana. Nilikula yangu na bukari, nikaongeza pilipili, na nkambo aliniangalia vile nafikiri bamadamu ba zamani balikuwa banaangaliaka boyi mwenye kukosea kupanga makanya ku meza.