Skima ya tangi dogo la maji chumvi: povu limetulia

Mwenye sampu nyembamba (sanduku la maji lenye vyumba, linalokaa kabatini) chini ya tangi la samaki, hii inaweza kukufaa. Asubuhi nilikuta kikombe cha skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, kimefurika maji meupe; jioni kikavu, povu halipandi kabisa. Nilichezea vali ya hewa, nikaosha pampu kwa siki, nikajaribu hata skima kubwa zaidi. Hiyo kubwa kikombe chake hakikutoka bila kugonga kabati.

Kilichosaidia ni rula. Kwenye boksi tunasoma lita za tangi, lakini skima ya kukaa ndani ya sampu hutengenezewa kina maalumu cha maji, na hicho huandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya maelekezo. Yangu inataka sentimita 16 hadi 20. Ilikuwa imekaa chumba kimoja na pampu ya kurudisha maji kwenye tangi, ambako kina hushuka kila siku maji yanapogeuka mvuke.

Nikairudisha ile ndogo, safari hii chumba cha kwanza, ambako ukuta wa kioo hushikilia maji kwenye sentimita 23 muda wote. Chini yake nikaweka kistuli cha akriliki cha sentimita 5. Kina kikawa 18. Vali nikaiacha wazi, nikaipa siku kadhaa bila kuigusa.

Sasa kikombe kinajaa taratibu uchafu wa kahawia, mzito, wenye harufu kali. Ndiyo harufu tunayoitaka!

Anayenunua apime pia nafasi ya juu: kikombe lazima kinyanyuke wima ndipo kitoke.