Gari la watu

Mimi kuazima vitu vya watu siwezi jamani. Hata kitabu tu cha mtu kikikaa kwangu wiki nakibeba kama yai. Sasa juzi shemeji yangu kanipa gari lake nitoke na washkaji alfajiri tukapande kilima tuone jua likichomoza, kanirushia funguo tu, "nenda bwana utarudisha mchana", basi, hakuna sharti hata moja. Hapo ndo presha ilipoanza. Angenipa masharti kumi ningelala.

Saa kumi na moja alfajiri niko nje na tochi ya simu nalizunguka, napiga picha kila mkwaruzo, bampa, rimu, mpaka geji ya mafuta. Mshkaji mmoja akanikuta nimepiga magoti kwenye tairi la nyuma akaniuliza kama nasali. Kidogo nilikuwa nasali.

Njiani klachi inashikia juu sana sio kama niliyoizoea, likanizimikia mara mbili, nikitaka kuwasha indiketa waipa zinafagia kioo kikavu kwiii kwiii na watu nyuma wanacheka. Kiti nilikisogeza mbele maana shemeji ana miguu ya twiga, nikajiambia nitakumbuka kilipokuwa.

Kufika nikapaki chini ya mti, nikaangalia juu nikaona ndege, na kinyesi cha ndege kikikaukia juani kinakula rangi, nikahamisha. Nikalock, nikabonyeza rimoti mara nne. Tumefika nusu ya mlima moyo ukaniuliza, hendibreki uliweka? Nikashuka. Wenzangu wakaendelea, na jua likachomoza mimi niko chini nachungulia kwenye dirisha la gari. Hendibreki ilikuwa imewekwa.

Kurudi tukasimama kidogo, naona maji yanadondoka chini ya gari. Damu ilinikauka. Nikagusa kwa kidole, nikanusa, maji matupu, hayana rangi wala utelezi, ya AC tu hayo. Ya rejeta huwa na rangi, kijani au pinki hivi, na mshale wa joto ulikuwa umetulia katikati. Yote hayo nayajua, ila ukiwa na gari la mtu akili inakuaga yenyewe.

Na wala sio mkwaruzo naouogopa, mkwaruzo unapakwa rangi unaisha. Naogopa ile "aah haina shida" ya shemeji, ile inayosemwa huku mtu anaangalia pembeni, halafu mnakuja kukaa nayo kila mkikutana kwenye shughuli za familia miaka yote.

Nikaliosha, nikajaza mafuta kupita nilivyoyakuta, nikarudisha. Hakuliangalia hata! Kachukua funguo huku anaongea na simu.

Usiku saa tatu jina lake linaita kwenye simu yangu. Nikakaa kitandani kwanza ndo nikapokea.

"Shem, kiti umekifanyaje, magoti yangu yako kwenye usukani."