"Lipange tu hilo darasa, si kazi kubwa"

Bosi aliniita Ijumaa moja karibu na saa sita, watu washaanza kutoka kwenda kuswali, akanambia kuna pesa za mafunzo zimebaki na mwaka wa serikali waisha tarehe 30 Juni, zisipotumika zarudi zilikotoka, kwa hivyo tuwafundishe watu wa kaunta lugha ya ishara. "Lipange tu hilo darasa, si kazi kubwa." Na mimi nikaitikia, Ijumaa saa sita na joto la Mombasa nani ana nguvu za kubishana.

Sababu yenyewe twaijua sote. Wiki chache nyuma alikuja fundi mmoja kiziwi kuulizia leseni ya kibanda chake. Alikuja na karatasi ameandika, maneno yote yako lakini hayakupangwa vile tulivyozoea, na kijana wetu wa kaunta badala ya kutulia asome akawa azidi kupaza sauti, kana kwamba mtu kiziwi ni mtu aliye mbali. Foleni nzima yageuka yatazama. Fundi akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaondoka. Nlikuwa nimesimama hapo hapo na kikombe cha chai mkononi na sikufanya kitu, kwa hivyo simlaumu kijana peke yake.

Sasa ofisini watu wakisikia mafunzo akili zaenda hotelini. Siku tano, projekta, maji ya chupa, picha ya pamoja, cheti. Nkakataa. Lugha haiingii kwa siku tano, Ijumaa wajua kuandika jina lako kwa vidole, Jumatatu ya pili ushasahau, kilichobaki ni cheti. Nkasema tufanye kidogo kidogo, saa moja mara mbili kwa wiki, miezi mitatu, hapa hapa kazini. Swali la kwanza kwenye mitingi: "Na posho?" Hakuna posho, mwapanda ngazi tu mwaingia darasani. Walikuwa wamejiandikisha 31, mitingi ilipoisha walikuwa 18.

Halafu ratiba. Wallahi ratiba ndiyo iliyonizeesha. Saa kumi na moja jioni baada ya kazi haiwezekani, wa Likoni wataka kuwahi feri kabla haijajaa na wa Mtwapa waogopa jemu ya daraja la Nyali, saa saba mchana ni swala na chakula na huwezi kushindana na vyote viwili kwa mpigo, Jumamosi kuna harusi, kuna matanga, kuna duka la mke, tukasema basi saa moja na nusu asubuhi kabla kaunta hazijafunguliwa, wakakubali wote kwa furaha na siku ya kwanza tukatokea watatu, mimi, maalim na mkalimani.

Mwisho nkaenda kukaa na msimamizi wa kaunta, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili. Yeye ndiye ajuaye foleni huwa vipi. Akanambia baada ya saa tisa mchana watu hupungua, mwezi ukiwa katikati hasa. Tukawagawa mafungu mawili ili kaunta isibaki tupu, tisa wa Jumatatu na Jumatano, tisa wa Jumanne na Alhamisi, saa tisa mpaka saa kumi. Ikashika.

Kuhusu mwalimu, kuna waliotaka tumlete mtu anayesikia ati itakuwa rahisi. Mimi nlitaka kiziwi mwenyewe, manake ukiwa na mwalimu anayesikia utaishia kuongea naye kwa mdomo saa nzima, na aliye kiziwi hakupi njia hiyo. Lakini mimi mwenyewe nliharibu siku ya kwanza. Tumekaa na maalim na mkalimani wake, nkamtazama mkalimani nkasema, "muulize hutoza pesa ngapi." Maalim akagonga meza taratibu mbele yangu, akajielekezea kifua. Ongea na mimi. Nliona haya mpaka masikio yakapata moto, na tangu siku hiyo namtazama yeye, mkalimani asikika tu.

Kumlipa ndiko kulikokuwa na vituko. Watu wa ununuzi wakataka kotesheni tatu na cheti cha kampuni. Kampuni gani na mtu ana mikono yake miwili tu? Wiki tano karatasi zazunguka kutoka meza hii kwenda meza ile. Nkaandika barua upya, nkatia kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, nkatia na cha 120 kinachosema lugha rasmi za Bunge ni tatu, Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara ya Kenya. Hapo sahihi zikaanza kupatikana. Hata hivyo malipo yake ya mwezi wa kwanza yalitoka mwezi wa tatu, nauli nlikuwa namtumia mwenyewe kwa M-Pesa na siku nyingine naye alinijibu kwa ujumbe mmoja tu, "leo pia?"

Chumba tulipewa kile cha nyuma kando ya jenereta ambacho hakuna idara yoyote inayokitaka kwa kelele. Kwetu ilikuwa raha, darasa letu halina habari na kelele. Tatizo likawa mwanga. Maalim akisimama mbele ya dirisha uso wake wawa mweusi huoni kitu, kwa hivyo siku ya pili alituhamisha viti vyote, tukakaa nusu duara tumelipa dirisha mgongo. Ukimficha mwenzio nyuma yako ndio umemziba masikio.

Wengi walidhani hii ni Kiswahili cha mikono. Siyo, ni lugha yenye sarufi yake, na si ile ya Marekani pia ijapokuwa herufi za vidole zafanana. Swali la nani au wapi huja mwisho, na mimi nkaona mbona hivyo ndivyo tusemavyo, waenda wapi, jina lako nani. Kilichowashinda watu ni uso. Ukiuliza swali la ndiyo au la, nyusi zapanda, ukiuliza nani au wapi, nyusi zakunjwa. Mzee wetu mmoja wa hesabu, miaka thelathini kazini na uso ule ule, mikono ilikuwa safi kabisa lakini kila alichouliza kilionekana ni tangazo. Maalim alimsimamisha mbele ya kioo kidogo akamshika nyusi kwa vidole. Tulicheka tukalia, na mzee akacheka pia, siku ile ndio nlijua ana meno ya dhahabu.

Na hapo kwenye uso kulikuwa na jambo ambalo hakuna mwongozo ungenambia. Dada zetu wawili huvaa ninja, ile nikabu ya kufunika uso. Hawakutaka kuacha darasa na hawakutaka kufunua mbele ya wanaume, na uso ni nusu ya lugha. Nkamuuliza maalim, akasema kuna dada kiziwi amjua, basi tukafanya kipindi cha wanawake peke yao Alhamisi, mlango umefungwa. Wanawake wengine nao wakahamia huko, ati huko kuna kahawa na kaimati. Kulikuwepo kweli.

Katikati ya haya nlipekua wenzetu hufanya vipi. Kanada, Kiingereza na Kifaransa ni lugha rasmi za serikali kwa sheria tangu 1969, mtumishi wa umma mwenye kazi ya lugha mbili hupimwa lugha yake ya pili, kusoma, kuandika na kuongea, apewa A, B au C, na matokeo yadumu miaka mitano. Kuna kazi hupati bila levo yake. Nkampelekea bosi wazo hilo, tuwe na levo zetu za kaunta. Akasoma, akasema "mazuri haya," akaliweka chini ya faili nyingine na liko huko.

Sasa nije kwa askari wa getini. Yeye hakuwa kwenye orodha, manake ni wa kampuni ya ulinzi, si mwajiriwa wetu, bajeti haimjui. Lakini mgeni kiziwi akija, mtu wa kwanza kukutana naye ni nani? Baba wa watu alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba zamu yake ikiisha, wiki ya pili maalim akamvutia kiti. Hakukosa hata siku moja. Kati ya 18 waliomaliza ni 11, yeye ni wa 12 na ndiye bora kuliko sote. Cheti hakupata, jina lake halikuwa kwenye mfumo. Nlimchapishia mwenyewe kwa printa ya ofisi, wino wa rangi umeisha, kikatoka cha kijivu, akakitia kwenye bahasha vizuri sana.

Fundi yule alirudi mwezi uliopita. Askari akamsalimu, akamuuliza wataka nini, akampeleka kaunta namba mbili, na kijana yule yule akamuambia kiasi cha kulipa kwa vidole, akakosea, akarudia. Dakika kumi na kitu, fundi katoka na leseni yake.

LPO, ile karatasi ya ununuzi, ya awamu ya pili haijatoka. Jumatatu twakutana vile vile, chumba cha jenereta, kila mtu na kiti chake. Ah, na kila mmoja alipewa jina la ishara na maalim. Mzee wa hesabu ni nyusi. Langu ni kugonga mkono mara mbili penye saa, kwa sababu nlikuwa natazama saa kila mara. Sasa kila nikifika getini askari agonga mkono wake mara mbili, na mpaka leo sijui kama aniita jina au anambia nimechelewa.