Bahasha Mbili za Kaki

Likizo ya Aprili mwaka 2019 niliianza nikiwa nimelala chali sakafuni, nyumbani kwetu Manyatta, Kisumu, kwa sababu nilikuwa nimeinua gunia la mahindi kwa pupa na mgongo ukakaza hata kufunga kamba za viatu kukanishinda. Daktari aliyenipima alisema mifupa ilikuwa salama na kwamba ni misuli tu iliyokaza. Akaniandikia tizanidini ya miligramu 2, kidonge kimoja mara tatu kwa siku kwa muda wa siku saba, akanionya nisipande pikipiki kuiendesha, nisiguse pombe, na kila ninapoamka nikae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kichwa kitulie. Alinieleza pia jambo ambalo sikulijua: dawa hiyo haiendi kuulegeza msuli pale unapouma, bali hutuliza neva za uti wa mgongo zinazouamuru msuli ukaze, na kwa kuwa hutuliza na ubongo na kushusha presha, basi usingizi, mdomo mkavu na kizunguzungu si mambo ya kushangaza.

Masharti hayo niliyashika yote. Nalisema hili wazi kwa kuwa wengi waliosikia yaliyonipata walidhani nilikunywa pombe au nilizidisha vidonge, na dhana hiyo iliniuma kuliko mgongo wenyewe.

Siku ya nne nilishikwa na homa na maumivu ya tumbo, nikaenda zahanati moja isiyo mbali na nyumbani. Nilieleza homa, nikaeleza tumbo, nikataja hata kwamba ugali haukupita kooni tangu jana yake. Mgongo sikuutaja kabisa, kwani kwangu mimi mgongo ulikuwa shauri jingine lenye daktari wake. Damu ikapimwa, nikaambiwa ni taifodi, nikapewa siprofloksasini ya miligramu 500, asubuhi na jioni. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa nikimeza dawa nyingine. Na hata ningeulizwa, sijui ningejibu nini, maana vidonge vya mgongo vilikuwa vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake ya bati, jina likakatika katikati, vikatiwa kwenye bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "1×3" na neno "mgongo". Bahasha ya pili niliyotoka nayo zahanati iliandikwa "1×2", basi. Nilizirudisha nyumbani na kuziweka pamoja juu ya kabati.

Jioni hiyo nilimeza siprofloksasini baada ya uji, na saa tatu usiku nikameza kidonge cha mgongo kama kawaida. Yapata saa nne na nusu niliamka kwenda msalani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kama nilivyoagizwa, nikasubiri, nikasimama, na kinachofuata ni sauti ya mke wangu akiita, "Baba! Baba, nijibu!" Nilikuwa nimeanguka mlangoni na kupasuka paji la uso. Nilimsikia, lakini ulimi ulikuwa mzito na mwili ulikuwa baridi, umelowa jasho. Jirani alituitia tuktuk. Kabla hatujaondoka, mke wangu alirudi ndani akachukua mfuko wote uliokuwa juu ya kabati, na mpaka leo namshukuru kwa zile hatua chache za kurudi ndani.

Hospitalini presha yangu ilikuwa 78 kwa 46, na moyo ulipiga mara 48 kwa dakika. Waliniinua miguu, wakanitundikia maji ya chumvi, wakanishona paji la uso, na usiku kucha muuguzi alikuwa akija kunipima.

Asubuhi mfamasia wa wodi alikuja na bahasha zangu mkononi, akavuta kiti. "Mwalimu," aliniambia, "hizi mbili hazikai nyumba moja." Alieleza kwamba ini lina kimeng'enya kinachoivunja tizanidini ili itoke mwilini, na siprofloksasini hukizuia kimeng'enya hicho, hata kiasi cha tizanidini ndani ya damu kinaweza kupanda takriban mara 10. Kwa hiyo kidonge changu kimoja cha miligramu 2 kilikuwa kimefanya kazi ya vidonge vingi, ingawa sikuvunja sharti lolote nililopewa. Mke wangu naye alimwuliza kama kuna dawa nyingine za kuogopa, na mfamasia akataja fluvoksamini, dawa ya sonona, ambayo pia haichanganywi kamwe na tizanidini, kisha vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo navyo huipandisha na vinahitaji daktari aambiwe mapema.

Aliamua niendelee na dawa ya taifodi na niache ile ya mgongo siku hiyohiyo. Alisisitiza kwamba niliweza kuiacha ghafla kwa sababu nilikuwa nimeitumia kidogo na kwa siku chache. Mtu aliyeizoea kwa kipimo kikubwa kwa muda mrefu hupunguziwa polepole, la sivyo presha huweza kuruka juu. Vidonge tisa vilivyobaki alivichukua. Kwenye ile bahasha nyingine aliandika kwa herufi kubwa jina la dawa, nguvu ya kidonge, tarehe niliyoanza na tarehe ya kumaliza.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, nyuzi zikiwa zimeshatolewa, nilipanda matatu kwenda Siaya kwa mama, ambaye ana presha na magoti yanayomsumbua, nikiwa na kalamu ya wino mweusi mfukoni. Tulimwaga dawa zake zote juu ya meza. Zilikuwa bahasha sita. Nne tulizitambua kwa kusoma kadi yake ya kliniki, nikaziandika. Mbili zilizosalia mama alizigeuza mara kadhaa mkononi, akasema, "Hizi nazo, mwanangu, nazimeza tu." Tulizifunga peke yake kwenye leso, na Jumatatu asubuhi tukazipeleka pamoja kwa mfamasia.