Shika Huku

Somo: Matendo ya Mitume 18:1–3

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Paulo aliingia Korintho akitokea Athene, na Sila na Timotheo walikuwa bado hawajamfikia. Baadaye, akiwaandikia Wakorintho, hakuficha hali aliyokuwa nayo: alikuwa kwao katika udhaifu, na hofu, na kutetemeka sana (1 Wakorintho 2:3). Mstari huo umekuwa wangu tangu nianze kuishi ugenini. Mtume aliyekwisha kupigwa mawe na kufungwa gerezani, bado mji mgeni ulimtetemesha.

Luka anatuambia alivyoanza. Alimpata Akila, mzaliwa wa Ponto, aliyekuwa amefika karibuni kutoka Italia pamoja na Prisila mkewe, kwa kuwa Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi wote waondoke Rumi. Wageni nao, tena waliofukuzwa. Paulo akawaendea, na kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja, akakaa kwao wakashona mahema pamoja.

Hapo kwenye mahema ndipo ninapotua kila nikisoma sura hii. Turubai la hema ni zito. Mmoja huvuta likanyooka, mwingine akapitisha shazia. Kazi ya namna hiyo huwezi kukaa kimya siku nzima. Utaulizwa umetoka wapi, umemwacha nani, unalala vipi. Naamini urafiki wao ulianzia pale, mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa kwenye mshono, kwa sababu ni rahisi kusema la moyoni wakati hakuna anayekukazia macho.

Miezi yangu ya kwanza huku, kila ibada ilipokwisha nilisimama karibu na mlango, Biblia kifuani, nikingoja mtu anisemeshe. Watu walinisalimia kwa tabasamu, wakapita. Nikirudi chumbani nilipiga simu nyumbani, nikaongea hadi salio likaisha, na simu ilipokatika ukimya ulikuwa mzito kuliko mwanzo. Niliwanung'unikia wale ndugu mbele za Mungu, nasema kweli. Jumapili moja mama mmoja mzee alikuwa akihamisha meza peke yake. Akanitazama, akasema maneno mawili ambayo hata kwa lugha yangu ya kubabaisha niliyaelewa: "Shika huku." Tukaibeba. Kisha tukakunja viti, safu kwa safu, na tulipofika safu ya mwisho nilikuwa nimeshajua kwamba naye alikuja nchi hii akiwa msichana, hana mtu.

Simlaumu mgeni anayengoja mlangoni. Nimesimama pale, najua miguu inavyokuwa mizito. Ila wale tunaomwambia "utazoea tu", kisha tukaenda zetu, tumemnyima kitu ambacho tungeweza kumpa.

Tazameni walikofika Akila na Prisila. Paulo alikaa Korintho mwaka 1 na miezi 6, na alipoondoka walifuatana naye hadi Efeso. Huko, wakiwa wageni tena, walimchukua kwao Apolo, mtu wa Iskanderia, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kanisa likakutana nyumbani mwao. Waraka kwa Warumi unawakuta wamekwisha kurudi Rumi, na huko pia kuna kanisa nyumbani mwao. Paulo anashuhudia kwamba waliziweka shingo zao hatarini kwa ajili yake (Warumi 16:3–5). Hawakungoja wawe wenyeji ndipo wakaribishe.

Yule mama sasa magoti yanamsumbua, kwa hiyo viti vimebaki kwangu. Kuna kijana amekuja wiki mbili zilizopita. Hukaa kiti cha nyuma kabisa, na wimbo wa mwisho ukianza huwa ameshafunga vifungo vya koti. Mniombee Jumapili hii nimuwahi kabla hajafika mlangoni. Viti ni vingi, na meza ile inahitaji watu wawili.